Ubao Mbichi
(Kumbukumbu la Torati 25:13-15)

Huko Njombe jamaa nyingi hupanda misonobari na kupasua mbao. Apandaye leo hungoja miaka 15 au zaidi. Mara nyingi baba hupanda, mwana hupasua. Kazi hii ni njema, maana Bwana wetu mwenyewe aliitwa seremala. Lakini jihadharini! Ubao mbichi ukiuzwa kwa bei ya ubao mkavu, hupinda ukiisha kupigiliwa juu ya nyumba, naye mjane aliyeununua hana fedha ya kununua mwingine. Torati yakataza kipimo cha hila. Na huo ni kipimo cha hila. Enyi baba, mkiwaachia wana wenu msitu, waachieni na jina la uaminifu. Mungu atusaidie. Amina.