Koo la Wiki Moja, Moyo wa Maisha

Tuseme kuna binti wa miaka 10 katika kijiji kimoja cha nyanda za baridi za Mbulu, upande wa Dongobesh. Analala kitanda kimoja na wadogo zake watatu. Siku moja koo likamuuma, homa ikapanda, akashindwa kumeza hata uji. Mama yake akajiandaa kumpeleka zahanati.

"Mkwe wangu, usijisumbue," bibi akamwambia. "Hicho ni kimeo. Aitwe fundi akikate."

Fundi akaja na wembe wake. Siku ya tano homa ikashuka, naye akaondoka na kuku na sifa tele.

Sifa ile haikuwa yake. Koo la namna hiyo hupoa lenyewe ndani ya wiki, kimeo kikatwe kisikatwe, na kukikata huleta hatari ya kuvuja damu na kupata pepopunda. Kilichomuumiza binti ni bakteria aitwaye streptokokasi. Anapoingia kooni, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomtambua kwa umbo la gamba lake na kumnasa. Tatizo ni kwamba gamba hilo lina sehemu zinazofanana na nyama ya moyo na valvu zake. Kwa baadhi ya watoto, kinga ile ile iliyoshinda kooni huugeukia moyo, kama mgambo anayemkamata mwenye nyumba kwa kuwa kafanana na mwizi.

Wiki tatu baadaye goti la binti likavimba. Likapoa, maumivu yakahamia kifundo cha mguu, kisha kiwiko. Nyumbani wakasema ni baridi ya milimani, wakamkanda kwa maji moto. Koo hakuna aliyelikumbuka. Viungo vikapona kabisa, maana ugonjwa huu wa kinga kuugeukia mwili, uitwao homa ya baridi yabisi, hauachi alama kwenye viungo. Alama huiacha kwenye valvu, na kila koo jipya la streptokokasi laweza kuongeza kovu juu ya kovu.

Alipofika miaka 16, ndoo ya maji ilimlazimu kupumzika njiani mara tatu, na usiku alilala ameketi. Ndipo akapelekwa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, inayohudumia watu wa Mbulu na Hanang tangu 1955. Valvu ilikuwa imesinyaa. Upasuaji wa kuitengeneza au kuibadilisha hufanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na anayewekewa valvu ya chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Bibi hakuwa na nia mbaya. Aliupima ugonjwa kwa maumivu, na maumivu yalikuwa yamekwisha.

Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo kuuma, karibu kila mara huzuia balaa hili. Mtoto mwenye homa, koo jekundu na mitoki shingoni, bila mafua wala kikohozi, apelekwe zahanati mapema. Aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi achomwe sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, hata akijiona mzima. Na mtoto akilalamikia maumivu yanayohama kiungo hadi kiungo, mwambie daktari kuhusu koo la mwezi uliopita, hata kama hakuuliza.