Sikio Lililozibwa na Haki ya Salamu

Abiria wa mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, atafutaye vipokea sauti vya masikioni vyepesi kubeba na vya kukinga kelele, ajue kwamba vile vizibavyo tundu la sikio kwa sifongo au mpira huzima hata mazungumzo, ilhali vile vipingavyo sauti kwa umeme hudhoofisha zaidi mngurumo wa injini, na maneno ya wanadamu yakapenya kwa kiasi. Ningechagua hivi vya pili, kwa sababu ya kifikihi: kutoa salamu ni suna, bali kuiitikia ni wajibu, na aliyejiziba kwa hiari yake sioni kuwa ana udhuru wa kiziwi. Watasema kwamba katika jamaa akiitikia mmoja, wengine huondokewa na dhima. Lakini basi zima likiziba masikio, huyo mmoja atatoka wapi?