Siku ya Ndoa na Haki ya Mgeni

Miongoni mwa mambo ambayo watu wa zama zetu wameyazoea hata wakayadhani kuwa ni sheria, limo hili la kufunga ndoa siku ya Jumamosi. Na kwa kuwa kila mtu huitaka siku hiyo hiyo moja, mwenye ukumbi, mpishi, mpiga muziki na mwenye gari la kukodi hupandisha ujira wao, kisha ifikapo Jumanne hukaa wakipiga miayo wakimngojea mteja asiyetokea. Basi si ajabu kwamba vijana wa kipato haba wameanza kuuliza kama si halali, na tena kama si busara, kuoana katikati ya juma ili wapunguziwe gharama. Kwa juu juu swali hili ni la soko na mizani, lakini ndani yake mna maswali mawili mazito: kwanza, je, siku ina utukufu wake yenyewe, au utukufu huletwa na wale waliokusanyika ndani yake? Na la pili, ambalo ni gumu kuliko la kwanza, ile akiba ipatikanayo kwa kuihamisha siku ni mali ya nani?

Mahali pazuri pa kulipimia jambo hili ni Sitalike, kijiji kilichopo ukingoni mwa mto Katuma, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kiasi cha kilomita 35 kusini ya Mpanda, ambako Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa na Wasukuma wanakaa ujirani mmoja. Pale juma lina sura mbili. Mkulima wa mahindi, mpunga au tumbaku haishi kwa juma bali kwa majira: tangu mvua za Novemba hadi Aprili hana siku ya bure, iwe Jumamosi iwe Jumatano, na mavuno yakiisha kuingia ghalani, kiangazi chote siku zake hufanana, wala Jumamosi haimpi faragha ambayo Jumatano imemnyima. Lakini jirani yake aliye mwalimu, muuguzi au askari wa hifadhi huishi kwa saa za ofisi na zamu, na kwake Jumatano ni siku ya mwajiri. Harusi moja huwaita wote wawili, na hapana siku iliyo nyepesi kwao sawasawa.

Tukirejea kwa wazee wa dini, hatumkuti aliyeifanya siku kuwa sharti la ndoa. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani yetu, wanazitaja nguzo za nikaha kuwa ni mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la ijabu na kabuli. Jina la siku halimo. Tena Waarabu wa zama za ujahili waliuogopa mwezi wa Shawwal, wakidhani kwamba ndoa ifungwayo humo ina nuksi, na Bibi Aisha akaivunja dhana hiyo kwa kueleza kwamba yeye mwenyewe aliolewa na Mtume katika Shawwal na akaingia nyumbani kwake katika Shawwal. Wayahudi wa kale, kama ilivyo katika Mishna iliyokusanywa kiasi cha mwaka 200 baada ya Kristo, waliagiza mwanamwali aolewe Jumatano na mjane Alhamisi. Lakini walipoulizwa sababu hawakusema kwamba Jumatano ni takatifu, bali walisema kwamba mahakimu huketi barazani Jumatatu na Alhamisi, ili mume mwenye mashitaka asikawie kuyafikisha, na wengine wakaongeza kwamba bwana harusi apate siku tatu baada ya Sabato za kuiandaa karamu. Katika Injili ya Yohana harusi ya Kana inatajwa kuwa siku ya tatu, na kilichohifadhiwa pale divai ilipopungua ni heshima ya mwenyeji mbele ya wageni wake. Na leo Wasabato, ambao Jumamosi kwao ni ya ibada, aghalabu huoana Jumapili, na ndoa zao hazipungukiwi na kitu.

Serikali nayo imeshika njia iyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotaka kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na inataka mashahidi wasiopungua wawili. Na parokia za Kikatoliki huwatangaza wachumba mbele ya waumini kwa Jumapili tatu. Wanaohusika na ndoa, basi, wa dini na wa dola, wanataka kujua ni nani aliyepewa habari na ni nani aliyeshuhudia. Kwa hiyo swali la kwanza limekwisha jibiwa: utukufu wa siku ya ndoa hutoka kwa watu, na mwenye kuichagua siku, kwa kweli, anawachagua watu.

Walakini watetezi wa Jumamosi hawasimami katika dini; wanasimama katika fahari. Na fahari hii imewadhuru wengi, kwani wako wanaume na wanawake, huko Katavi na kwingineko, wanaoishi nyumba moja na kulea watoto kwa miaka mingi, wasibariki ndoa yao kwa sababu tu hawajapata mali ya kuwatosheleza watu wa ukumbini. Mpaka sheria ikalazimika kuwawekea dhana ya ndoa wale waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kuwa mke na mume. Uislamu umeufunga mlango wa udhuru huu, kwani Mtume alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima, yaani karamu ya harusi, japo kwa mbuzi mmoja, na walima yake mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya ilikuwa ya tende, jibini na samli. Mwenye kuikimbia Jumamosi ili aikimbie israfu, ametenda jema, na asionewe haya na mtu.

Hapo ndipo linapokuja swali la pili. Harusi ya Tanzania ya leo hailipiwi na mwenye harusi peke yake. Huundwa kamati yenye mwenyekiti na mweka hazina, hufanywa vikao, huandikwa kadi za michango, na atoaye hupewa nafasi kwa kadiri ya alichotoa: kadi ya mtu mmoja, ile waiitayo singo, au ya wawili iitwayo dabo. Mchango huo ni hisani, lakini pia ni ahadi, kwa kuwa mtoaji ametumaini kuketi, kula na kushuhudia. Sasa ikiwa kamati imekwisha kupokea fedha za mwalimu na muuguzi, kisha ikaiweka sherehe Jumatano asubuhi, wale hawatakuja. Sahani zao hazitapikwa, viti vyao havitakodiwa, na kitakachobaki katika mfuko kitaitwa akiba. Hiyo si akiba ya mwenye harusi, ni mali ya mgeni iliyokatwa pasipo ridhaa yake. Bei aliyoipunguza mwenye ukumbi ni halali ya maarusi, lakini chakula alichokikosa mchangiaji si halali yao.

Atasema mtu kwamba Jumamosi nayo hufungia watu nje, na atakuwa amesema kweli. Harusi ya Jumamosi ya mwezi Januari huwapendeza wenye mishahara, lakini humwondoa mkulima wa Sitalike shambani wakati magugu yanashindana na mahindi yake, naye huja kwa kuona haya kukosekana, akirudi kwenye njaa ya mwaka ujao. Na sherehe ya usiku, ambayo wa mjini huiona ndiyo sherehe, kandokando ya Katuma ina hatari isiyojulikana ukumbini Mpanda: viboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na mgeni asiye na gari hukutana nao njiani kwa miguu. Hakuna siku isiyo na mtu wa kumwumiza. Kwa hiyo haki haipatikani kwa kuitafuta siku njema kwa wote, bali kwa kuuliza kila mara ni nani anayeumia, na kama ana njia nyingine. Mwalimu akiambiwa mapema aweza kuomba ruhusa, au akaja alasiri baada ya kazi. Mkulima wa Januari hawezi kuyaomba ruhusa magugu. Ndiyo maana naona kwamba Jumatano ya Agosti, ndoa ifungwe mchana na karamu iishe kabla ya jua kuzama, kwa kijiji kama hiki yaweza kuwa na uadilifu mwingi kuliko Jumamosi ya masika.

Wenye kutaka kuoana katikati ya juma, basi, na waitangaze siku yao kabla ya kupokea hata shilingi moja, ili asiyeweza kuja, akitoa, atoe zawadi kwa kujua kuwa ni zawadi. Na wapunguze kiasi wanachoomba kwa kadiri gharama zilivyopungua, ili unafuu uwafikie na waliochanga. Tena wasimzuie jirani masikini asiye na kadi, kwani Mtume aliihesabu kuwa mbaya karamu ya harusi wanayoalikwa matajiri na kuachwa mafukara, na kuhamisha karamu kutoka Jumamosi hadi Jumatano hakuiondoi aibu hiyo. Wakiisha kuyatimiza hayo, akiba iliyobaki ni yao. Waitie katika mbegu, mabati au ada ya mtoto, na hapana mtu wa Sitalike atakayekuwa na haki ya kuwauliza.