Askari Asiyerudi Nyuma

Aprili 2023, mashindano ya chesi ya Kenya Open yaliyofanyika Sarit, mtaani Westlands, Nairobi, yalivuma duniani kwa kisa kisichohusiana na ufundi wa mchezo wenyewe. Mwanamume alijitanda buibui na nikabu, akaingia kitengo cha wanawake, akawa anashinda hadi waamuzi wakamshuku. Katika barua iliyosambaa baadaye alikiri kosa, akataja shida ya pesa na kusema yu tayari kuadhibiwa. Wakenya walicheka. Ila barua ile ilikuwa imegusa swali zito: shida ilimsukuma, au alichagua?

Swali la kadari na hiari limeuandama mchezo huu kwa zaidi ya miaka 1,000. Al-Masudi, msafiri na mwanahistoria wa Baghdad, aliliandika katika karne ya 10. Huyu si mgeni kwetu: mwaka wa 916 aliondoka Kanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanadhani ni Pemba, akarudi Oman kwa chombo cha bahari. Katika kitabu chake kikubwa anasimulia hoja ya mwanafalsafa mmoja kwamba aliyebuni sataranji, yaani chesi, alikuwa Muutazila, muumini wa hiari ya binadamu, na aliyebuni nardi, mchezo wa dadu, alitaka kuonyesha kuwa mbele ya kadari mtu hana lake.

Hoja tamu, lakini yamkini mwanafalsafa huyo aliwatazama zaidi wakubwa wa ubao. Farasi akikosea njia hurudi. Ngome huenda na kurudi apendavyo mwenyewe. Askari wanane wa mstari wa mbele ndio wasio na ruhusa hiyo: akisogea mmoja amesogea, na mraba aliokuwa akiulinda hataulinda tena. Philidor, Mfaransa aliyekuwa pia mtunzi wa muziki, alichapisha kitabu mwaka wa 1749 akishikilia kwamba askari ndio roho ya mchezo. Kwa wakati ule, wachezaji wengi wakiwatoa askari kafara ili wafukuzie mfalme, hilo lilikuwa jambo la ajabu.

Chukua ulinzi wa Kifaransa. Mweupe anapeleka askari e4, mweusi anajibu e6. D4, kisha d5. Mweupe anasonga e5. Mweupe amecheza hatua tatu tu na mweusi mbili, na tayari askari wanne wamekabana katikati ya ubao, hakuna wa kwenda mbele. Askofu mweusi wa c8, anayetembea miraba myeupe, amefungiwa nyuma ya askari wake mwenyewe, na huenda akakaa kifungoni hatua 20. Nani kamfunga? Mweusi mwenyewe, kwa hatua yake ya kwanza kabisa, alipokuwa huru kuliko atakavyokuwa tena katika mchezo huo. Hata hivyo mpango ule ule unamwachia mlango. Askari wa c akisonga hadi c5, anaupiga mnyororo wa askari wa mweupe kwenye shina lake, pale d4. Mweusi hakuuchagua mlango huo kati ya mingi. Umbo la askari ndilo lililomwonyesha.

Udhaifu nao hauji peke yake. Askari mpweke wa d4, asiye na mwenzake kushoto wala kulia, hulindwa na wakubwa ambao wangekuwa na kazi nyingine. Lakini huyo huyo humpa farasi wake kituo kizuri e5. Mwalimu anayemwambia mwanafunzi kwamba askari mpweke ni mbaya, basi, amemfundisha nusu.

Hata jiji lina askari wake: anayepanda matatu ya 46 kutoka katikati ya Nairobi hadi Kawangware anapita juu ya mpango wa namna hiyo, uliowekwa mapema na mgumu kurudishwa nyuma. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899, ikasimama kwenye tambarare kabla ya kupanda miinuko. Wazungu wakachukua nyanda za juu za magharibi na kaskazini, Waafrika wakasukumwa mashariki. Mwaka wa 1923 serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na sera ya kuwatenga Wazungu na Wahindi mijini, na uhuru ukaja 1963, ila viwanja vilikuwa vimekwisha kukatwa. Mitaa ya Lavington na Kawangware bado inatazamana, mmoja ukiwa na bustani na mwingine vyumba vilivyobanana. Kule Kilimani, maghorofa yanayochukua nafasi ya bungalo yanaonyesha kuwa ramani ya zamani huvunjika, ila huvunjikia mahali fulani tu.

Turudi kwenye kadari na hiari. Al-Ash'ari, mwanateolojia wa Kiislamu aliyeishi zama za al-Masudi na aliyewahi kuwa Muutazila kabla ya kuwaacha, alifundisha kwamba Mungu huumba tendo na binadamu hulichuma, naye huwajibika kwa alichochuma. Ubao hauwezi kuamua nani yuko sahihi kati yake na Wamuutazila. Unachokosoa ni dhana ya yule mwanafalsafa kwamba hiari ya mchezaji ni ile ile mwanzo hadi mwisho. Kwa askari, hiari hutumika ikapungua, na iliyotumika ndiyo inayomrudia mchezaji kwa sura ya amri.

Anayetaka kulipima hili na atandike ubao, acheze hatua zile tatu za Kifaransa, kisha aondoe kete zote isipokuwa wafalme na askari. Aamue angependa upande upi, na aeleze sababu.