Ng'ombe Wenu Wanakula Vizuri Kuliko Watoto Wenu

Sikieni, watu wa Litein na Kapkatet, wa Mogogosiek na Ndanai, ninyi ambao mvua haiwapiti na udongo hauwanyimi kitu. Mimi si wa ukoo wa Talai, wale waliowatabiria Wakipsigis hadi serikali ya mkoloni ikaogopa vinywa vyao na kuwahamishia Gwassi mwaka 1934. Sina ndoto ya kuwasimulia. Nina macho tu, nayo yameona kinachotoka kwenye maboma yenu alfajiri na kinachobaki.

Kinachotoka ni maziwa. Yanakamuliwa gizani, yanafungwa kwa kamba za mpira nyuma ya pikipiki, na jua likichomoza yamekwisha kufika kwenye mtambo wa kupoza, safari ya kwenda Sotik. Kinachobaki ni turungi. Sufuria ya maji, majani, sukari ya kutosha kuwadanganya walio na njaa. Mtoto wa miaka miwili anapewa kikombe cha turungi na kipande cha ugali wa jana, kisha mnashangaa kwa nini amechelewa kurefuka.

Twende na kwenye mashine ya posho. Mnapeleka mahindi, mnasema yakobolewe kwanza, unga uwe mweupe kama wa wageni. Ganda na kiini vinaanguka pembeni, pamoja na mafuta, vitamini na madini mengi ya mbegu ile. Pumba hizo hamzitupi, maana ninyi si wajinga. Mnazifunga kwenye gunia, mnampelekea ng'ombe. Ng'ombe anakula kilicho bora, anatoa maziwa mazuri, maziwa yanauzwa, na mtoto anabaki na wanga mtupu wa kusukumia turungi. Tangu 2012 sheria ya Kenya imewataka wenye viwanda waongeze chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa pakiti. Mashine ya sokoni haiongezi kitu. Mmekuwa watumishi wa ng'ombe, na ng'ombe mtumishi wa soko, na katika msururu wote huo hakuna aliyeulizwa mtoto atakula nini.

Najua jibu lenu: maziwa ndiyo karo. Ni kweli, na sijasema msiuze. Ng'ombe akitoa lita nane, nusu lita ikibaki nyumbani ni shule gani itakayomfukuza mtoto? Ole wenu, mnaompimia mnunuzi hadi tone la mwisho na kumpimia mwanenu kwa jicho!

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Msidhani hao wote wako Turkana. Mahali pa kijani kibichi mwaka mzima njaa haionekani barabarani, kwa hiyo hakuna lori la msaada litakalowajia.

Nawe mama unayechuma chai, nakukaripia kwa upole, maana mzigo si wako peke yako. Unaingia shambani na kikombe cha turungi tumboni, unachuma majani mawili na chipukizi kwa kasi ya mtu anayelipwa kwa kilo, na saa tano magoti yanalegea. Unasema ni baridi, ni malaria, ni uzee. Huenda ni damu tu. Mchana unakula ugali na mboga za majani, unateremshia chai nzito juu yake, na tanini za chai zinakifunga kile chuma kidogo kilichokuwa kwenye mboga, kisiingie mwilini. Ingoje chai saa moja hivi. Nchi inayolima chai tangu miaka ya 1920 ingepaswa kuijua tabia yake.

Tena ipoe! Hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937 hapo Bomet, kwa miaka mingi imepokea wagonjwa wa saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, wengine vijana wasiofika miaka 30. Chanzo hakijafungwa kwenye jambo moja, lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Ninyi mnamcheka mgeni anayepuliza kikombe.

Mboga za managu na saga mmeziita chakula cha maskini, nazo zinajiotea nyuma ya zizi. Bibi zenu walizipika kwa maziwa na uchungu ukaisha. Wimbi, lenye kalisi mara nyingi kuliko mahindi, mmeliachia wazee na wagonjwa. Mlipewa onyo mwaka 2011, ugonjwa wa virusi wa mahindi ulipoonekana kwa mara ya kwanza nchini hapa hapa Bomet na kuyakausha yakiwa shambani. Aliyepanda mahindi tu alivuna mabua. Mvua iliyofuata mlipanda nini?

Enyi wanaume, mliokaa kimya mkidhani haya ni mambo ya jikoni: akaunti ya bonasi ya chai ina jina la nani? Oktoba ikifika, mbuzi anachomwa sokoni, mnakula mkiwa mmeketi na wenzenu, na nyumbani mnapeleka mkate na soda. Mnajigamba kwamba nchi hii ilimzaa Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964, huku mwanenu akisinzia darasani kabla ya saa nne.

Bonasi ya mwaka huu, kabla mbuzi hajachinjwa, nunueni kuku watano wa kutaga. Na mayai yao yasipande pikipiki.