Nguo ya Bei Rahisi na Jirani Tusiyemwona



Jumapili moja baada ya Misa, kijana mmoja wa darasa la kipaimara alituuliza swali ambalo hatukulitazamia. Tulikuwa tukizungumza nao juu ya amri ya kutoiba. Kijana akasimama, akasema: "Mwalimu, suruali hii niliyoivaa ni mtumba. Baba anasema mitumba imeua viwanda vyetu. Je, kuivaa ni dhambi?" Wenzake wakacheka. Nasi tukacheka kidogo, kisha tukanyamaza, maana shati tulilolivaa siku ile nalo lilitoka katika belo.

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda wa kufikiri. Haya ndiyo tuliyoyafikiri, nayo tunayaleta kwa waumini wote, kwa kuwa swali lile si la kijana yule peke yake.

Kwanza yatupasa kusema kweli juu ya miaka ambayo mitumba haikuwapo. Watu wa rika letu hupenda kuisimulia zamani kana kwamba ilikuwa bustani ya Edeni. Haikuwa hivyo. Ni kweli kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, na kwamba mwaka 1968 Kiwanda cha Nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa pale Ubungo, Dar es Salaam. Mwanza na Musoma nako kukawa na viwanda. Pamba ya Usukumani ikageuka khanga, kitenge na shuka humu humu nchini. Tulijivunia jambo hilo, na tulikuwa na haki ya kujivunia.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 hali ilikuwa ngumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikuwa vimekula fedha nyingi, mafuta yalikuwa yamepanda bei, na viwanda vilikosa fedha za kigeni za kununulia vipuri. Sisi tulikuwa wanachuo wa ualimu. Tunakumbuka foleni ya sabuni, foleni ya sukari, foleni ya khanga. Tunawakumbuka wenzetu wawili waliokuwa na suruali moja tu ya heshima, wakapeana zamu ya kuivaa wakati wa mazoezi ya kufundisha. Tunakumbuka pia msiba wa mama mmoja Mkristo kijijini. Watoto wake walizunguka siku nzima wakitafuta kitambaa cha kumzikia wasikipate. Mwishowe mzee mmoja Mwislamu, jirani yao, akatoa shuka jeupe sandukuni. Alikuwa ameliweka liwe sanda yake mwenyewe.

Tena katika shida ile hatukuteseka sawasawa. Mwenye ndugu katika duka la ushirika alipata khanga kwa mlango wa nyuma. Serikali ilipoendesha msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, bidhaa nyingi zilikutwa zimefichwa wakati watu wamepanga foleni nje. Basi mlango uliofungwa nao ulikuwa na gharama yake, na aliyeilipa alikuwa maskini asiyejuana na mtu.

Kisha mlango ukafunguliwa. Katika bajeti ya mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa kutoka nje. Mwaka 1985 Mwalimu Nyerere aling'atuka, Mzee Ali Hassan Mwinyi akashika uongozi, na mwaka 1986 Serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Watu wakampa Rais jina la Mzee Ruksa. Sabuni ikarudi madukani, mafuta ya kupikia yakarudi, na mitumba ikaja. Wengine waliiita kafa-Ulaya, wakidhani wenye nguo zile wamekufa, lakini waliivaa. Wazee walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alitukuta karibu uchi akatuvika. Asemaye leo kwamba mitumba ilileta hasara tupu hawatendei haki wale waliosimama katika foleni.

Hata hivyo baba wa kijana yule naye hakusema uongo. Kiwanda hununua pamba, hulipa umeme na hulipa mishahara, ndipo kinauza shati. Lakini shati la mtumba lilikwisha kulipiwa zamani na mtu wa Ulaya au Marekani, naye akalivaa, kisha akalitoa bure, mara nyingi akidhani linakwenda kugawiwa maskini. Wakusanyaji huziuza nguo hizo kwa uzito. Hakuna kiwanda duniani kiwezacho kushindana kwa bei na kitu kilichotolewa bure. Viwanda vyetu vilikuwa na maradhi mengine pia: mitambo iliyochakaa, umeme wa kukatika, uongozi dhaifu, na baadaye nguo mpya za bei ndogo kutoka Asia. Miaka ya 1990 baadhi vilifungwa, vingine vikauzwa, na Urafiki ikaingia ubia na kampuni ya Kichina. Mitumba haikuwa ugonjwa peke yake, lakini mgonjwa hakupata nafasi ya kuinuka. Mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu husafirishwa nje kabla haijasokotwa. Na fundi cherehani wa barazani hapa Bagamoyo, ambaye zamani alishona suti ya arusi tangu kukata kitambaa mpaka kifungo cha mwisho, siku hizi hupunguza suruali za watu wa mbali waliotuzidi urefu.

Sisi watu wa Bagamoyo tusidhani kwamba jambo hili limeanza na mitumba. Mji huu ulikua kwa nguo. Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cheupe cha pamba, imara na cha bei nafuu, nasi mpaka leo kitambaa cha namna hiyo twakiita marekani. Kililetwa hapa kwa majahazi, kikafungwa mizigo, kikabebwa na wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Kilikuwa ndiyo fedha ya njiani. Kwa doti za marekani watu walinunua chakula na pembe za ndovu, na hata wanadamu. Huko bara, wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta wafumaji wa nguo za pamba Unyamwezi na Ufipa, lakini kadiri marekani ilivyozidi kuingia, kazi yao ilififia.

Sasa tazameni gharama ya doti moja ya nguo ile. Pamba yake ililimwa kusini mwa Marekani na watumwa, watu ambao babu zao walichukuliwa Afrika. Iliwekwa juu ya kichwa cha mpagazi. Ilibadilishwa kwa pembe, na pembe ikaletwa pwani, nyingine kwa mabega ya watu waliofungwa minyororo. Kutoka Unguja pembe nyingi zilikwenda Connecticut, zikafanywa vibao vya kinanda. Binti aliyepiga kinanda kile, labda akipiga nyimbo za kumsifu Mungu, hakumwona mtu hata mmoja kati ya hao. Yeye alijua bei ya kinanda chake tu. Gharama ililipwa na watu ambao hakuna aliyewauliza kama wamekubali.

Kanisa letu pwani hii halina udhuru wa kulisahau jambo hili. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, wamisionari wa UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa kuu mahali pale pale. Kila tunapokwenda kusali huko twasimama mahali ambapo mtu aliuzwa kwa bei.

Sisi wenyewe tu walipaji pia. Akina mama wa Mlingotini, kama wenzao wa Unguja walioanza kilimo hicho mwaka 1989, hufunga mbegu za mwani kwenye kamba na kuinama majini saa nyingi. Mwani huo husafirishwa nje, hutolewa kitu cha kuzitosha, na hicho huingia katika dawa za meno na vyakula vya watu wa nchi za mbali. Bei huamuliwa huko. Maji ya bahari yalipozidi joto, ile aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi ilianza kufa, na hasara ikabaki kwa mama. Mtu anayepiga mswaki asubuhi mahali fulani Ulaya si mtu mbaya. Hamjui tu mama huyo, kama sisi tusivyomjua mfumaji wa Ubungo aliyeachishwa kazi.

Je, dawa ni kufunga mlango tena? Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa nguo hizo huko Marekani wakalalamika, na Serikali yao ikaashiria kwamba nchi zetu zingeweza kupoteza nafasi ya kuuza bila ushuru chini ya sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Hapo tulijifunza kwamba soko linaloitwa huria lina mlinzi mlangoni, na mlinzi huyo si sisi. Lakini tukumbuke upande wa pili nao. Katika parokia yetu wamo akina mama wanaosomesha watoto kwa belo moja la nguo. Kama mlango ungefungwa ghafula, wao wangekuwa walipaji wa kwanza, nao pia hakuna ambaye angewauliza.

Tulipofika hapo katika kufikiri, tulikumbuka habari ya Daudi katika Kitabu cha Pili cha Samweli. Alikuwa vitani, akatamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji wake, nao ulikuwa umeshikwa na Wafilisti. Mashujaa watatu wakapenya kati ya maadui, wakayateka, wakamletea. Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana, kwa sababu aliona kwamba katika kikombe kile mlikuwamo damu ya wale walioyaendea. Maji yenyewe hayakuwa haramu, wala kiu yake haikuwa dhambi. Jambo lililomfanya Daudi kuwa Daudi siku ile ni kwamba alitazama ndani ya kikombe akawaona watu. Wengi wetu huona maji tu.

Basi kijana wetu, hili ndilo jibu letu. Kuivaa suruali yako si dhambi. Wewe hukuiba, na mwenye haja ya nguo na avae. Dhambi huanza pale tunapoweza kujua nani aliyelipa gharama, tukachagua kutojua kwa sababu kujua kutatusumbua. Kitu cha bei rahisi hakikosi mlipaji. Kwa hiyo twaona mambo matatu yanatupasa.

La kwanza, tuulize. Tunaponunua, na hata tunaposhangilia kwamba bei imeshuka, tuulize ni nani aliyebeba tofauti ile. Mara nyingi hatutapata jibu kamili, lakini mtu mwenye kuuliza hawi sawa na mtu asiyejali.

La pili, palipo na nafasi ya kuchagua, tuchague. Asiye na nafasi hatudaiwi kumhukumu. Lakini parokia inayo nafasi. Kila tunaposhona sare za kwaya au za akina mama, twaweza kutafuta kitambaa kilichofumwa kwa pamba yetu, na tukampa fundi wa hapa kazi yote, badala ya kununua zilizoshonwa tayari kwa sababu zimepungua shilingi elfu chache. Hatudai kwamba kwaya moja itafufua kiwanda. Twasema tu kwamba itamlisha fundi mmoja, na kutufundisha kuona.

La tatu, tuwaombe wanaotia sahihi mikataba kwa niaba yetu wawaulize kwanza watakaolipa. Katika mpango wa bandari ya Mbegani, uliotiwa sahihi mwaka 2013 na kusimamishwa mwaka 2019, mazungumzo mengi yalikuwa juu ya mabilioni ya dola. Mwenye minazi kumi na kaburi la baba yake hana bilioni, lakini ndiye atakayehama. Mpango wowote ujao, wa kufungua mlango au wa kuufunga, tuupime kwa swali hilo: anayelipa aliulizwa?

Yule mzee Mwislamu aliyetoa sanda yake alijua gharama ya kitambaa kile kuliko sisi sote. Alijua pia ni nani atakayeilipa, maana alikuwa yeye mwenyewe, naye alikubali. Watoto wa marehemu walimwona uso kwa uso, wakamshukuru mpaka alipofariki. Soko la leo halitupi nafasi ya kuwaona waliotuvika. Basi tuwatafute kwa bidii, na tusipowapata, angalau tuwataje katika sala zetu.

Bwana atufumbue macho, tumwone jirani hata tusipolijua jina lake. Amina.