Vumbi na Mtu

Shinyanga ina vumbi, hasa kuanzia Julai hadi mvua zinaporudi. Ukifuta meza asubuhi, mchana waweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. Nilipoombwa kuskani negativu za zamani kwa ajili ya kitabu cha jubilei ya usharika, nilidhani kazi ngumu itakuwa kuwatambua waliomo. Kumbe ni vumbi.

Chembe moja juu ya negativu huzuia mwanga, na kwenye picha hutokea kama doa jeupe. Kitambaa kikavu hakisaidii: hukwaruza filamu na kuitia umeme tuli, nao huvuta vumbi jingine. Kupuliza kwa mdomo ni kutia mate. Nilijifunza kufunga madirisha, kupiga deki kwanza, kushika filamu pembeni tu, na kutumia pampu ndogo ya mpira na brashi laini. Zipo skana zinazotambua vumbi kwa mwanga wa infraredi, lakini kwa filamu za kawaida za nyeusi na nyeupe hazifai, maana madini ya fedha yaliyomo kwenye filamu nayo huzuia mwanga huo. Mashine haiwezi kutenganisha vumbi na sura ya mtu.

Nilikuwa nikiondoa madoa yaliyobaki kwa kompyuta, mjumbe mmoja wa kamati alipoinama nyuma yangu. Picha ilikuwa ya baraza la wazee, miaka ya 1970.

"Mchungaji," akasema taratibu, "kwa kuwa unafuta vumbi, si umfute na huyu?"

Huyu alikuwa mtunza hazina aliyekula fedha za mabati ya kanisa, akatengwa. Alifariki kabla ya kurudishwa kundini. Kumfuta ni kazi ya dakika tano. Nilijibu kwamba umeme haujakaa sawa, tuendelee kesho, na huo nao ulikuwa uongo.

Usiku niliwaza hivi. Picha ilipopigwa, vumbi halikuwepo. Kuliondoa ni kuurudia ukweli. Mzee yule alikuwepo, na mwanga ulimgusa kama ulivyowagusa wenzake. Mtu atasema dhambi yake ndiyo vumbi. Sawa, lakini dhambi huondolewa kwa mtu, haondolewi mtu. Mathayo akiandika ukoo wa Yesu hakumruka Daudi, wala hakuficha kwamba mama yake Sulemani alikuwa mke wa Uria. Nasi Walutheri tunaofundisha kwamba mwamini ni mwenye haki na mwenye dhambi kwa wakati mmoja, tukianza kufuta, tutabaki na nani kwenye picha? Mimi niliyesingizia umeme ningekuwa wa pili kutoka.

Basi yumo. Binti yake, ambaye bado anaimba kwaya, ameomba nakala. Chini ya picha tumeandika majina ya wote 11. Kama tuandike pia "mtunza hazina" mbele ya jina lake, hilo kamati bado tunabishana.